Digrii ya kemia, nataka kazi za fedha Kampala: nianzie mlango upi?

MaabaraJinja

Habari zenu wakubwa. Nina digrii ya sayansi (kemia na baiolojia), daraja la pili la juu, CGPA 3.9. A-level nilisoma BCM (baiolojia, kemia, hesabu), na O-level nina krediti ya hesabu na Kiingereza. Kwa sasa niko maabara ya ubora kiwandani hapa Jinja, mkataba unaisha mwezi wa sita, na baada ya hapo nataka kuhamia upande wa fedha.

Kila ninayemuuliza ana jibu lake. Huyu anasema nirudi chuo nisome B.Com (digrii ya biashara), yule anasema CPA (cheti cha uhasibu cha hapa), mwingine ACCA (cha uhasibu cha Uingereza), na kuna anayeapa kwamba bila CFA (cha uchambuzi wa uwekezaji) sitafika popote. Akiba yangu ni milioni 4. Excel naijua ya kujumlisha na kuchora grafu za maabara, basi. Naomba mnisaidie: nianze na mtihani gani, nani huajiri mtu kama mimi, na je, hii miaka miwili ya maabara inahesabika au naanza sifuri?

---

Mkaguzi_Nakasero

B.Com sahau. Utatumia miaka mitatu na karo kwa karatasi ambayo mwajiri hakuiomba. Digrii unayo, na kwa nafasi nyingi za kuanzia inatosha.

Kosa la pili ni kuchagua mtihani kabla ya kuchagua kazi. Anayekagua hesabu, anayekopesha, anayenunua hatifungani (bondi) na anayepanga ada ya bima hawafanyi kazi moja, na mitihani yao haibadilishani. Mimi nitasema ya ukaguzi, wengine watakuja na yao.

Ukaguzi wa hesabu ndio mlango ulio wazi zaidi kwa mtu wa sayansi. Kampuni nne kubwa (PwC, Deloitte, EY, KPMG) zote ziko Kampala, na matangazo yao ya wahitimu mara nyingi hayabani fani. Yanabana daraja la digrii pamoja na alama za hesabu na Kiingereza za O-level, kwa hiyo vyeti vyako vya sekondari weka karibu. Nafasi zao ni chache na waombaji ni wengi, basi usiishie hapo. Kampuni za kati na ndogo huchukua watu kazi inapozidi. Wateja wengi hufunga mwaka Desemba au Juni, maana yake kazi hufurika kuanzia Januari hadi Aprili, halafu tena Julai hadi Septemba. Peleka barua Oktoba au Novemba. Ukiipeleka Machi hakuna mwenye muda wa kuisoma, na ukiipeleka Mei hakuna kazi ya kukupa.

Kazi yenyewe ya mwaka wa kwanza ni hii. Unapewa orodha ya malipo, unachagua sampuli, tuseme 25, na kila moja unaitafutia vocha, ankara, risiti ya EFRIS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, URA), sahihi ya aliyeidhinisha na mstari wake kwenye taarifa ya benki. Kitu kimoja kikikosekana unaandika. Huandiki "inaonekana sawa", unaandika ulichokiona. Mtu aliyejaza kumbukumbu za bechi kiwandani anaijua nidhamu hiyo tayari.

Halafu kuna kuhesabu stoo siku ya kufunga mwaka. Hapa wengi huharibu. Wanachukua orodha ya mwenye stoo, wanakwenda rafuni kuhakikisha kila kilichoandikwa kipo, wanarudi nyumbani. Hiyo ni nusu ya kazi. Lazima pia uanze rafuni, uchague vitu bila kuangalia orodha, kisha uvitafute kwenye orodha. Njia ya kwanza inakuonyesha mali iliyoandikwa lakini haipo. Ya pili inakuonyesha mali iliyopo lakini haikuandikwa. Na kabla hujaondoka, andika namba ya hati ya mwisho ya kupokea mzigo na ya mwisho ya kutoa, la sivyo mwezi ujao utashindwa kujua lori lililoingia saa kumi na moja jioni ni la mwaka upi. Kuna mahali kemia yako itakulipa waziwazi: tangi. Mhasibu anasoma kimo cha mafuta ya kupikia na kukubali lita anazoambiwa. Wewe unajua ujazo unabadilika na joto, na utauliza uzito mahususi umepimwa kwa nyuzi ngapi.

Kuhusu mitihani. ACCA ni mitihani 13: mitatu ya msingi, sita ya kati, minne ya juu (miwili ya lazima, miwili ya kuchagua kati ya minne). Alama ya kufaulu ni 50%. Digrii ya kemia haikupi msamaha hata wa mtihani mmoja, usidanganywe. Ada zake hulipwa kwa pauni, kwa hiyo shilingi ikiyumba, bajeti yako nayo inayumba. Juu ya mitihani kuna moduli ya maadili na miezi 36 ya kazi iliyothibitishwa ndipo uwe mwanachama kamili.

CPA ya ICPAU (chama cha wahasibu cha Uganda) hulipwa kwa shilingi na inafundisha sheria na kodi za hapa. ACCA inatambulika ukivuka mpaka, lakini wengi hukalia mtihani wa kodi wa Uingereza, wakija kazini hawajui PAYE yetu (kodi ya mshahara), hawajui kodi ya zuio ya 6% (inayokatwa malipo yanapofanywa), na VAT ya 18% wanaijua kwa jina. Na ukumbuke, kusaini ripoti ya ukaguzi nchini kunahitaji leseni ya ICPAU chini ya Sheria ya Wahasibu ya 2013, hata uwe na vyeti vya dunia nzima. Kama unajiona ukibaki Uganda, anza na CPA. Kama unajiona Nairobi au Dubai, anza na ACCA. Zote mbili kwa pamoja usiguse.

---

Dada_Mikopo

Mdogo wangu, Mkaguzi amekupa mlango wake, mimi nakupa wa benki. Huku ndiko kuna nafasi nyingi zaidi, na ndiko watu wengi hukwama wasijue kwa nini.

Benki, taasisi za mikopo midogo na SACCO huajiri afisa mikopo mwenye digrii yoyote. Soma tangazo mara mbili. Likiwa na maneno "afisa mauzo", "mshahara kwa kamisheni" au "malengo ya kufungua akaunti", hiyo ni kazi ya kuuza. Si haramu, ila miaka miwili ya kufungua akaunti sokoni haikufundishi kuchambua mkopo. Unachotaka ni pale unapoandika tathmini ya mkopaji na kuitetea mbele ya kamati.

Tathmini yenyewe ni hesabu ya mizani, kama ile ya maabara. Chukua mwenye duka anayekuambia anauza 500,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni milioni 13. Hana vitabu. Unaangalia rafu: mali ya kama milioni 2. Unauliza anajaza duka mara ngapi, anasema kila wiki. Faida juu ya bei ya kununulia ni 15%. Sasa piga: ili auze milioni 13 lazima awe amenunua mzigo wa 13 ÷ 1.15, yaani milioni 11.3. Lakini duka la milioni 2 likijazwa lote kila wiki ni kama milioni 8.7 kwa mwezi. Kinachotoka kimezidi kinachoingia. Ama anajaza mara nyingi kuliko anavyosema, ama mauzo ameyaongeza ili apate mkopo mkubwa. Unamwomba taarifa ya pesa za simu ya miezi sita, ankara za msambazaji, na unarudi dukani siku ambayo hakutarajii. Mtu wa kemia akiona kilichotoka kinazidi kilichoingia, hahitaji kuambiwa kuna kitu kimefichwa.

Pili, jifunze tofauti ya riba inayopigwa juu ya salio linalopungua na riba bapa. Fanya zoezi hili kwenye Excel leo, kabla ya kulipia kozi yoyote. Mkopo wa 10,000,000, riba 20% kwa mwaka, miezi 12.

Kwa salio linalopungua, rejesho la kila mwezi ni 926,345. Mwezi wa kwanza riba ni 166,667, mtaji unaopungua ni 759,678, salio 9,240,322. Mwezi wa pili riba inapigwa juu ya hilo salio jipya, ni 154,005. Endelea mpaka mwezi wa 12. Riba yote jumla ni kama 1,116,000.

Kwa riba bapa, 20% inapigwa juu ya milioni 10 nzima mpaka mwisho, hata mteja akiwa amebakiza laki tisa. Riba milioni 2, rejesho milioni moja kamili kwa mwezi. Tumia fomula ya RATE uone riba yake halisi: inakuja karibu 2.92% kwa mwezi, yaani kama 35% kwa mwaka. Tangazo ni lile lile, "20%". Katika usaili wa taasisi ya mikopo, anayeweza kuonyesha hili kwa kalamu anakumbukwa.

Tatu, ujue kipimo kitakachokuhukumu. Kinaitwa PAR 30: jumla ya salio la mikopo yote iliyochelewa zaidi ya siku 30, ukigawa kwa salio la mikopo yako yote. Una kitabu cha mikopo cha milioni 400, waliochelewa wanadaiwa milioni 28, wewe uko 7%. Wapya hukosea wakidhani inahesabiwa rejesho lililokosekana tu. Hapana, ni salio lote la mteja huyo. Mteja mmoja wa milioni 20 akichelewa rejesho moja la laki nane, milioni zote zilizobaki zinaingia kwenye kipimo. Ndiyo maana afisa mwenye wateja wakubwa wachache hulala vibaya.

Ukishakaa nje kwa wateja mwaka mmoja au miwili, omba kuhamia idara ya hatari. Huko takwimu za sayansi zina thamani kubwa kuliko vitabu vya uhasibu. Chini ya IFRS 9 (kanuni ya kimataifa ya uhasibu) benki hutenga hasara inayotarajiwa: uwezekano wa mteja kushindwa, mara sehemu itakayopotea, mara kiasi anachodaiwa. Mkopo wa milioni 10, uwezekano 6%, sehemu inayopotea 45%, unatenga 270,000. Fomula ni rahisi, kazi iko kwenye kuipata ile 6% kutoka kwenye data ya miaka mitano iliyojaa mashimo. Cheti cha njia hiyo ni FRM, sehemu mbili, saa nne kila moja, maswali 100 ya kuchagua sehemu ya kwanza na 80 sehemu ya pili. Hakina sharti la digrii yoyote, lakini usikikimbilie kabla hujagusa data halisi.

---

MaabaraJinja

Asanteni sana, ssebo na dada. Mmenifungua macho. Hiyo ya duka nimeielewa mara moja. Lakini hamjagusa CFA, na kuna mtu ananishauri MBA. Je, vipi hisa na hatifungani, mtu wa kemia anaingiaje?

---

Hatifungani256

MBA: bado. Itakufaa ukiwa na watu wa kuwaongoza, si sasa.

CFA inakubali digrii ya fani yoyote, kwa hiyo mlango huo haujafungwa. Ngazi tatu. Ya kwanza ina maswali 180 ya kuchagua, vipindi viwili vya saa mbili na dakika kumi na tano kila kimoja, yaani sekunde 90 kwa swali. Hufanyika Februari, Mei, Agosti na Novemba. Taasisi yenyewe inashauri kama saa 300 za kusoma kwa kila ngazi. Ukisoma saa 12 kwa wiki hiyo ni miezi sita. Mitihani haitoshi, unahitaji saa 4,000 za kazi inayohusika ndani ya muda usiopungua miezi 36.

Watu wa sayansi wanaanguka mahali wasipotegemea. Wanaona neno "mbinu za hesabu" wanafurahi, kumbe sehemu hiyo ni 6 hadi 9% tu ya ngazi ya kwanza. Maadili ni 15 hadi 20%, na wanayaacha hadi wiki ya mwisho wakidhani ni busara za kawaida. Si busara, ni kanuni zenye maneno yake. Uchambuzi wa taarifa za fedha ni 11 hadi 14% na ndio unaowavunja, kwa sababu hawajawahi kuandika hata ingizo moja la jono (journal) la uhasibu. Soma uhasibu wa msingi kwanza, miezi miwili, ndipo ufungue vitabu vya CFA.

Vitu viwili vidogo vinavyorudisha watu nyumbani. Kujiandikisha na kuingia chumbani kunahitaji pasipoti ya kusafiria iliyo hai. Kitambulisho cha taifa hakitoshi. Na kikokotoo chako cha maabara hakiruhusiwi: ni Texas Instruments BA II Plus au HP 12C pekee, pamoja na matoleo yake ya Professional na Platinum. Nunua mapema ukizoee, vidole visitafute vitufe siku ya mtihani.

Sasa ukweli wa soko letu. Soko la hisa la Uganda lilianzishwa 1997 na kampuni zilizoorodheshwa ni chache. Kazi za kuchambua hisa ni za kuhesabu kwa vidole: madalali, mifuko ya uwekezaji ya pamoja, mifuko ya pensheni, NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), idara za hazina za benki. Fedha nyingi za mifuko hiyo zimelala kwenye dhamana za serikali. Kwa hiyo anayetaka kuingia huku aanze kuelewa bili za hazina na hatifungani kabla ya hisa. Bili ni za siku 91, 182 na 364, na mwananchi wa kawaida anaweza kuanza na 100,000.

Mfano wa kuandika kwenye daftari. Tuseme bili ya siku 364 ina riba ya 15%. Bei ya kununulia kwa kila 100 utakayolipwa mwisho ni 100 ÷ (1 + 0.15 × 364/365), unapata 86.99. Faida ni 13.01. Kodi ya zuio kwa bili ni 20% ya faida hiyo, yaani 2.60. Unabaki na 10.41 juu ya 86.99, ambayo ni karibu 12%. Kwa hatifungani za miaka 10 na kuendelea zuio ni 10%, na hiyo peke yake inaeleza kwa nini huwezi kulinganisha 15% ya bili na 15% ya hatifungani ya muda mrefu kama vile ni kitu kimoja. Wasailiwa wengi hutaja riba kabla ya kodi wakanyamaza. Wewe endelea mpaka chini.

Kemia inaingia wapi? Kuna kampuni moja soko la Kampala ambayo imekaa kama imeandikiwa wewe: Quality Chemical Industries, kiwanda cha dawa cha Luzira, iliyoorodheshwa Septemba 2018 ikiitwa Cipla Quality Chemical. Pakua ripoti zake za mwaka, zipo wazi kwa kila mtu. Viambato vya dawa hununuliwa nje kwa dola. Wanunuzi wakubwa ni serikali na wafadhili, ambao hulipa wanapolipa. Tazama deni la serikali ya Zambia lilivyowaumiza. Andika kurasa tatu: bei ya kiambato ikipanda 10% faida ghafi inakwenda wapi, siku za wadaiwa zinarefuka au zinafupika, mzigo ulioko stoo una muda gani kabla ya kuisha tarehe. B.Com mia wataeleza uwiano wa mizania. Kwa nini kubadilisha kiambato cha dawa si jambo la mwezi mmoja, wewe utaeleza. Hizo kurasa tatu zina uzito kuliko cheti cha mtandaoni.

Na swali la usaili ambalo halikosekani: uchakavu ukiongezeka kwa milioni 10, kodi 30%, taarifa tatu zinabadilikaje? Faida kabla ya kodi inashuka 10, kodi inapungua 3, faida halisi inashuka 7. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na hasi 7, unarudisha 10 kwa sababu uchakavu si pesa iliyotoka, fedha inapanda 3. Kwenye mizania mitambo inashuka 10, fedha inapanda 3, upande wa pili limbikizo la faida linashuka 7. Pande zinalingana. Ukitaka kumfanya msaili ainue kichwa, ongeza kwamba hilo ni jibu la kitabuni: URA haitumii uchakavu wa vitabu vyako, ina viwango vyake vya madaraja ya mali, kwa hiyo ile 3 inaweza isipatikane mwaka huo huo.

---

MzeeBima_Ntinda

Mmemsahaulisha bima.

Tangu mwaka wa fedha 2016/17 serikali ina mpango wa bima ya kilimo na inalipia sehemu ya ada ya mkulima. Kampuni za bima zinahitaji mtu anayejua kwa nini mahindi yaliyokosa mvua wiki ya kuchanua hayafanani na yaliyokosa mvua wiki ya kukomaa. Mwenye baiolojia anakwenda shambani baada ya ukame akiwa na fremu ya mita moja kwa moja, anahesabu mashina, anapima, anazidisha kwa eneo, anaandika hasara. Mwenye shahada ya biashara anamwuliza mkulima. Hivyo hivyo kwenye mikopo: fuko la mikopo ya kilimo la Benki Kuu, lililoanza 2009, linamfikia mkulima kwa riba isiyozidi 12% kupitia benki za kawaida, na benki hizo zinatafuta watu wanaoweza kusoma mradi wa maziwa au kahawa bila kudanganywa kiasi cha mavuno.

Upande wa viwanda pia. Anayepima hatari ya moto kwenye ghala la kemikali kabla ya kuliandikia bima anatakiwa kujua vitu gani havikai chumba kimoja. Hiyo ni kazi yako, ukiitaka.

Aktuari (anayepiga hesabu za hatari na ada za bima) ni habari nyingine. Wengi huanza na mtihani wa uwezekano wa kihesabu, si wa bima. Kama hukupenda hesabu za A-level usijitese.

---

Mkaguzi_Nakasero

Narudi kwa milioni 4, maana hakuna aliyekujibu.

Usiitumie yote kwenye ada. Ukiacha kazi Juni na kuhamia Kampala, chumba, chakula na taksi vitaila kabla ya Desemba, na mwanagenzi wa ngazi ya kuanzia hulipwa kidogo. Weka angalau milioni 2.5 ya kuishi. Jiandikishe CPA au ACCA, lipia mitihani miwili tu ya mwanzo, isome ukiwa bado Jinja na mshahara unaingia. Ukichagua ACCA, anza na ule wa uhasibu wa fedha. Ile mitatu ya msingi hufanywa kwenye kompyuta wakati wowote, huhitaji kusubiri msimu. "Nimefaulu mmoja, nasubiri wa pili" kwenye barua ya Oktoba inaonyesha hubahatishi. "Napanga kuanza CPA" haionyeshi kitu, kila mtu anapanga.

Wasifu wako: futa "nilifanya uchambuzi wa sampuli". Andika ulisimamia sampuli ngapi kwa wiki, ulikataa bechi ngapi na kwa sababu gani, ulisawazisha vifaa mara ngapi, mkaguzi wa nje alikuja akaona nini. Namba. Miaka ya maabara haihesabiki kwenye miezi 36 ya ACCA, lakini kwenye usaili inahesabika ukiieleza kwa lugha yao: ushahidi, sampuli, kosa linalovumilika, kumbukumbu. Na Kiswahili chako kiandike. Benki na kampuni za bima zenye makao Nairobi ziko nyingi hapa, na bomba la mafuta linatoka Hoima hadi Tanga.

Ukiombwa pesa ya "fomu ya usaili" au "mafunzo kabla ya ajira", ondoka. Na wale wa madarasa ya forex ya Telegram hawako kwenye mada hii.

---

MaabaraJinja

Nimeamua: ukaguzi, CPA, barua Oktoba. Kurasa tatu za kiwanda cha dawa nazo nazianza wikendi.

Ila dada, zoezi lako limenishinda. Nimeandika =PMT(20%,12,-10000000) napata 2,252,650, si 926,345. Nimerudia mara tatu.

---

Dada_Mikopo

Zidisha hiyo namba yako kwa 12. Milioni 27 kwa mkopo wa milioni 10 wa mwaka mmoja, hata wakopeshaji wa mtaani wangeona aibu.

Vizio, mwanakemia! Vipindi umeweka 12, yaani miezi, lakini riba umeiacha ya mwaka. Excel imedhani ni 20% kwa mwezi. Andika =PMT(20%/12,12,-10000000). Kisha jenga jedwali lenyewe mstari kwa mstari: salio la mwanzo, riba, mtaji, salio la mwisho. Usichape 926,345 kwa mkono ndani ya jedwali, iunganishe na seli ya fomula, la sivyo mwezi wa 12 utabaki na salio dogo la ajabu, karibu shilingi moja, na utalitafuta usiku kucha. Salio la mwisho likisoma sifuri kamili, liweke hapa tulione.